Nyumba Isiyofungwa Madirisha

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna mteja aliyelijua. Watu wote walimwita Blanketi, na yeye mwenyewe akipokea simu alisema, "Ndiyo, Blanketi hapa," bila hata kutabasamu. Kazi yake ilikuwa kuzivisha nguo za ndani nyumba kuukuu. Hivyo ndivyo alivyoeleza akiulizwa. Zile nyumba za mawe na udongo zenye paa la bati, ambazo msimu wa baridi zinakugonganisha meno, msimu wa jua zinakuchemsha kama umekaa ndani ya sufuria, na mvua zikianza kuta zinatoka jasho mpaka viatu vilivyo uvunguni vinaota kuvu. Blanketi aliingia humo na magunia yake ya sufu ya kondoo, na chokaa, na mwiko, na tindo, na alipotoka watu walikuwa wanavua makoti sebuleni.

Akifika kwa mtu hakugusa kitu kwanza. Alisimama katikati ya chumba, akalamba nyuma ya kiganja chake, kisha akakipitisha polepole mbele ya dirisha, kando ya mlango, kwenye pembe za dari. Pale ngozi iliposhikwa na ubaridi, ndipo upepo ulipopenyea.

"Fundi, unaionja nyumba yangu?" wateja walimtania.

"Naionja, mama. Imezidi chumvi."

Na hapo alikuwa hafanyi masihara, maana ukuta uliolowa miaka mingi hutoa unga mweupe wa chumvi juu ya rangi, na Blanketi alikuwa akiufuta kwa kidole na kuuweka ulimini.

Ila alikuwa na jambo moja lililowachosha watu. Akishamaliza kuziba kila ufa, kila upenyo, akishajaza sufu juu ya dari na kubandika sponji kwenye fremu za madirisha, aliinua tindo akatoboa ukuta. Matundu mawili kila chumba, moja chini karibu na sakafu, moja juu karibu na dari, akayawekea wavu wa kuzuia panya. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Nimekuita uzibe, wewe unatoboa!" alifoka mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amejifunga shuka mbili. "Sasa joto si litatoka lote?"

"Litatoka kidogo, mwalimu. Wewe utabaki."

Alilisema hilo bila ucheshi wake wa kawaida, na mwalimu akarudi nyuma kumpisha. Watu walikuwa wakimwona Blanketi akicheka siku nzima juu ya ngazi, lakini hakuna aliyemwona akicheka akiwa ameshika tindo la kutoboa matundu yale.

Nyumbani kwake pia palikuwa na kichekesho. Mumewe, dereva wa lori la mchanga, alikuwa akiishi kwenye nyumba iliyozibwa vizuri kuliko zote mjini, na bado alilala na soksi na kofia ya sufu, kwa sababu mkewe aliegemeza kijiti kwenye dirisha la chumba chao ili lisifunge. "Anawavisha watu wa mji mzima," alilalamika kwa rafiki zake, "mimi mume wake nagandishwa kama samaki wa dukani." Siku moja, kwenye kipupwe kikali, alikiondoa kile kijiti. Asubuhi alimkuta mkewe amelala kwenye kizingiti cha mlango wa nje, amejikunja ndani ya koti. Alikirudisha kijiti mahali pake, na tangu siku hiyo akawa anavaa soksi zake kimyakimya.

Mumewe alijua sababu yake, kama walivyojua ndugu wote. Haikuwa siri, ila tu haikuzungumzwa.

Baba yake Blanketi alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, na nyuma ya mlango palikuwa na magunia ya mabaki ya vitambaa: vipande vya sare za shule, vya magauni ya maharusi, vya suruali za maofisa. Alikuwa na watoto watatu. Mkubwa alikuwa wa kiume, na wakati ule alikuwa shule ya bweni. Wa pili ndiye huyu Blanketi. Kitinda mimba alikuwa msichana waliyemwita Chiriku, kwa sababu alizungumza tangu anafumbua macho mpaka anayafumba, na hata akishayafumba. Alizungumza na mlango, na sindano, na mvua. Mama yao akitaka kujua Chiriku yuko wapi hakuita, alitega sikio tu.

Mwaka ule baridi ilikuja na meno. Chiriku alishikwa na kikohozi ambacho hakikutaka kuondoka, na baba yao hakuweza kuvumilia kumsikia. Akafungua magunia yake. Siku nzima hakushona hata nguo moja. Alizunguka nyumba na kisu cha mezani, akisokota vitambaa na kuvisukumiza kwenye nyufa za mawe, chini ya mabati, kwenye fremu za madirisha, mpaka nyumba ikawa kama mto wa kulalia uliojazwa. Jioni akawaita wote wasimame katikati ya chumba.

"Nani anasikia upepo?" aliuliza, amejaa fahari.

Hakuna aliyesikia. Mama yao alitabasamu. Chiriku akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Baba, nyumba imenyamaza."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha, ili mtoto alale vizuri kabisa, akachukua jiko la mkaa lililokuwa limekolea moto, akaliweka chumba cha nyuma wanakolala mabinti, akafunga mlango. Kwa vile Chiriku ndiye mgonjwa, alipewa nafasi ya karibu na jiko. Dada yake alinung'unika, akaburuta mkeka wake mpaka mlangoni, ambako palikuwa na kijinafasi chini ya ubao.

Mkaa una hewa yake mbaya. Haionekani na hainuki. Asubuhi baba alipofungua mlango, binti mkubwa alikuwa amelala kifudifudi, pua imeelekea kwenye kile kijinafasi. Walimvuta mpaka uani akatapika, kichwa kinapasuka. Chiriku mashavu yake yalikuwa mekundu kama mtoto aliyetoka kucheza juani, na kwa muda mfupi hilo liliwadanganya. Mama alimpiga vibao vya mapenzi, akimwita, akimwambia aache utani.

Binti mkubwa, akiwa amelala uani, alimwona baba yake akizunguka nyumba na kuchomoa vitambaa vile kwa kucha, na pale kucha ziliposhindwa, kwa meno.

Baada ya mazishi baba aling'oa mabawa ya madirisha yote kwenye bawaba zake, akayaegemeza nyuma ya nyumba yakaozea huko. Nyumba haikufungwa tena. Mvua ilinyesha ndani, vumbi likaingia, na wakati wa baridi walikaa na makoti hata mezani. Mama hakumlaumu mumewe kwa neno hata moja, na ukimya ule ulikuwa mzito kuliko matusi. Alivumilia miaka, kisha mwanawe wa kiume alipopata kazi na nyumba yake, akahamia kwake akisema tu kwamba baridi imemshinda. Huko ndiko alikofia.

Fundi cherehani akabaki peke yake. Na mtaani watu wakaanza kusema. Walisema jioni, upepo ukivuma, ndani ya nyumba ile kuna mtoto anazungumza. Si kulia, si kuita, anazungumza tu, maneno yasiyoshikika, kama unavyomsikia mtoto wa jirani kupitia ukuta. Wengine walivuka barabara. Wateja waliokuja kupima nguo walimwona mzee akisimamisha cherehani ghafla, akainamisha kichwa, akasema kwa upole, "Ndiyo, mwanangu," kisha akaendelea kukanyaga. Hakuna aliyethubutu kumuuliza anamjibu nani.

Binti yake alikua. Alianza kwa kuwabebea waashi mchanga, akajifunza plasta, akajifunza chokaa, akaingia kwa fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza majengo ya zamani, na huko akagundua kwamba kuna watu wanaofanya kazi ya kuzuia baridi na unyevu kwa akili, wanaojua hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Aliishika kazi ile kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. Miaka ikapita, akapata jina. Mtaa wote alikozaliwa aliuvisha, nyumba moja baada ya nyingine. Ya baba yake tu ndiyo iliyobaki uchi.

Alikuwa akienda kumsabahi mara kwa mara, akikaa na koti lake pembeni mwa cherehani, wakizungumza habari za wajukuu. Chumba cha nyuma hakuingia.

Ndipo kaka yake alipompigia simu. Kaka huyu alikuwa karani wa kituo cha malori, mtu wa kupenda mambo yaende kwa mstari.

"Baba anakohoa damu kidogo," alisema. "Nimempeleka hospitali. Daktari amesema mapafu yamejaa unyevu wa ile nyumba. Kuvu. Amesema akikaa humo kipupwe kingine, tusimlaumu mtu."

"Mchukue kwako."

"Nimemwambia. Amenishika mkono akaniambia kwa adabu niende zangu. Dada, wewe ndiye fundi. Unawafunika watu wasiokuhusu. Baba je?"

Blanketi aliweka simu kando, akaanza kuhesabu magunia ya sufu yaliyobaki. Kaka yake alisubiri, akadhani simu imekatika, akasema "Haloo?" mara kadhaa.

Alikwenda. Baba yake alikuwa amekaa kwenye cherehani, amejitanda shali, uso umemwingia ndani. Ukutani nyuma yake kuvu jeusi lilikuwa limepanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa mabega.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja na magunia." Alikuwa ameyaona kupitia dirisha, ambalo lilikuwa shimo tu.

"Nimekuja na magunia."

"Hii nyumba ilishazibwa," mzee alisema. "Inatosha."

Blanketi alivuta kigoda akaketi. Akasema, "Sitaziba, baba. Nitaanzia nje. Nitachimba mtaro ili maji ya mvua yasikae kwenye msingi. Hilo nalo unanikataza?"

Mzee alifikiri. "Mtaro chimba," alisema.

Basi akachimba. Siku zilizofuata mtaa ulimwona Blanketi ndani ya shimo mpaka magotini, akizunguka nyumba ya baba yake, akijaza kokoto, akiyaelekeza maji barabarani. Mzee alitoa kiti akakaa kumtazama. Mtaro ulipokwisha, Blanketi akasema sasa simenti ya kuta za nje lazima itoke, kwa sababu kaka yake, kwa nia njema kabisa, alileta mwashi miaka ya nyuma akaipiga nyumba simenti nje na ndani ili ipendeze, na simenti inashikilia maji ndani ya ukuta wa udongo kama nguo ya plastiki inavyoshikilia jasho. "Chokaa inapumua," alimwambia baba yake. "Ukuta utakauka wenyewe."

"Pumua," mzee alirudia neno lile taratibu. "Haya. Toa."

Alitoa ya nje. Kisha ya chumba cha mbele. Halafu hakukuwa na kisingizio kingine, ikabidi aingie chumba cha nyuma.

Ilikuwa alasiri, upepo umeanza kupanda. Chumba kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa na duara jeusi pale jiko lilipokaa zamani, na hakuna aliyewahi kulisugua. Alipiga moyo konde, akaweka tindo kwenye plasta, akaanza kugonga. Vipande vikubwa vilianguka, nyuma yake vimelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Ndipo aliposikia.

Blanketi alikuwa mtu wa nyumba kuukuu. Alijua bati linavyolia likipoa, mbao zinavyokoroma, panya wanavyokimbia darini kama watu wazima waliovaa viatu. Katika maisha yake yote ya kazi hakuna sauti ya nyumba iliyomshinda kuieleza. Hii ilikuwa ndani ya ukuta, usawa wa kiuno chake, usawa wa mdomo wa mtoto. Ilipanda ikashuka, ikasita, ikaendelea, kama mtu anayesimulia jambo refu lisilo na maana. Tindo likaanguka.

Hakukimbia. Alilamba nyuma ya kiganja, kwa mazoea tu, akakipitisha ukutani. Pale sauti ilipokuwa, palikuwa na ubaridi. Akaokota tindo, akabandua plasta kwa vidole badala ya kugonga, na kwenye ufa kati ya mawe mawili akaona ncha ya kitambaa. Akaivuta. Ikaja, ndefu, imelowa, nyeusi kwa kuvu, na chini ya ule weusi maua madogo ya njano. Nyingine ilikuwa chini yake. Na nyingine. Baba yake alichomoa vile alivyoweza kuvifikia asubuhi ile, lakini mwashi wa kaka yake alikuwa amevifunika vilivyobaki.

"Ni upepo unapita kwenye kitambaa," alijiambia kwa sauti. "Kinapepea kama ulimi." Lilikuwa jambo la kueleweka kabisa. Alivuta mpaka ufa ukawa mtupu, upepo ukapita bila kizuizi.

Sauti ilikuwepo bado.

Alipogeuka, baba yake alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. Alikuwa akitazama vile vitambaa sakafuni.

"Kile cha maua ni cha gauni la mke wa mhunzi," alisema. "Alitaka mikono mifupi. Kile cha kijani ni cha sare za wauguzi." Akavuta pumzi kwa shida. "Nawe unamsikia?"

Blanketi alitaka kusema ni upepo.

"Namsikia, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, na uso wake ukalegea namna ambayo binti yake hakuwahi kuiona tangu utoto. "Miaka yote hakuna aliyeniambia, nikadhani ni mimi peke yangu," alisema. "Nilidhani nimerukwa na akili. Mama yako nilimuuliza mara moja, akaniambia hasikii chochote. Nikamwonea huruma. Nikajionea huruma na mimi." Kikohozi kikamshika, kikamkunja mpaka binti yake akamkimbilia akamkalisha kwenye gunia la sufu.

"Baba, nyumba hii itakuua," alisema akiwa amemshika mgongo.

"Najua."

"Niache niifunge. Siyo kama siku ile. Nitakuonyesha hewa inavyopita. Utaiona kwa macho yako."

Mzee hakukubali siku ile, wala iliyofuata. Alikubali siku alipokohoa akashindwa kukanyaga cherehani, akakaa na suruali ya mtu mikononi imeshonwa mguu mmoja. "Haya," alisema. "Lakini nisikae humo peke yangu."

Blanketi alifanya kazi ile kama hajawahi kufanya kazi nyingine. Aliziba nyufa kwa udongo na chokaa, akapiga chokaa ndani na nje, akajaza sufu juu ya dari ili jua lisichome na baridi isishuke. Mumewe alikuja na lori akamletea madirisha mapya ya kioo. Akatoboa matundu, ya chini na ya juu, chumba cha mbele na cha nyuma, na kila alipotoboa alimwita baba yake aweke mkono ahisi. Jiko la mkaa lililokuwa jikoni alilitoa akalivunja kwa nyundo mwenyewe.

Siku ya kufunga madirisha kwa mara ya kwanza, mvua ilikuwa ikinyesha. Walikaa wote wawili chumba cha nyuma, ambako palikuwa pamewekwa kitanda, na Blanketi akafunga dirisha, kisha mlango. Mlango ulipogusa fremu, hakuuondoa mkono kwenye kitasa. Ukweli ni kwamba katika nyumba zote alizowahi kuzivisha, hakuwahi kubaki ndani ya chumba kilichofungwa. Alitoka, akamwachia mwenye nyumba. Baba yake aliona.

"Nawe unaogopa," alisema mzee.

"Naogopa, baba."

"Kaa hapa basi. Tuogope pamoja."

Blanketi akawasha kipande cha kamba, akakipuliza kikabaki kinafuka, akakishika karibu na tundu la chini. Moshi ulijilaza, ukavutwa ndani ya chumba, ukasafiri taratibu juu ya kitanda, ukapanda, ukaenda moja kwa moja kwenye tundu la juu, ukatoka. Mzee aliufuata kwa macho na kidole, kama mtu anayesoma. "Tena," alisema. Akawasha tena. "Tena." Waliurudia mchezo ule mpaka kamba ikaisha. Chumba kilikuwa na joto la miili yao tu, nalo lilitosha. Mzee alivua shali. Akajilaza, akasema anapumzisha mgongo, na kabla hajamaliza kusema usingizi ulikuwa umemchukua.

Blanketi alikaa akitazama kifua cha baba yake kikipanda na kushuka. Mvua haikusikika. Upepo haukusikika. Alitega sikio kwa nguvu zake zote, akiwa na hofu ya kusikia na hofu ya kutosikia, na nyumba ilikuwa imenyamaza.

Kikohozi kilipungua. Daktari alishangaa, kaka yake akamletea Blanketi koti jipya la kazi na kumsifu mbele za watu. Kuta zilikauka. Wateja wa cherehani walirudi, maana sasa waliingia bila kuogopa, na mtaani walisema yule mtoto ameondoka. Kila mtu aliona kwamba mambo yamekuwa mazuri.

Ila asubuhi moja, baridi ikiwa imeweka ukungu mpaka chini, Blanketi alipita kumjulia hali, akakuta mlango wazi na kitanda kitupu. Alizunguka nyumba akikimbia. Baba yake alikuwa nyuma, kwenye matope, amechuchumaa, sikio amelibandika kwenye chokaa mpya.

"Baba! Unafanya nini?"

"Yuko nje sasa," mzee alisema bila kugeuka. "Ndani simsikii tena."

Blanketi alisimama pale. Alijisikia kama aliyemfungia mtoto mlango. Alitaka kuomba msamaha, hakujua kwa nani. Alipoweka sikio lake kwenye ukuta karibu na la baba yake, alisikia upepo tu, na kwa aibu yake mwenyewe akaona wivu.

"Rudi ndani, baba. Umelowa."

"Nitarudi. Ngoja amalize."

Alimleta ndani kwa kubembeleza, lakini kesho yake alikuwa pale tena, na keshokutwa. Kaka yake alipoambiwa alipandwa na hasira, akasema mlango ufungwe kwa nje. "Kufungwa hafungwi," Blanketi alimjibu, na sauti yake ilikuwa ya namna ambayo kaka mtu hakuendelea.

Akafanya alichokijua. Alirudi na mawe na mbao, akajenga kibaraza nyuma ya nyumba, kimeegemea ule ukuta. Alikiezeka mteremko mfupi, akakikinga pande mbili kwa ubao ili upepo usimpige mzee usoni, akajaza sufu nyuma ya mbao za kukalia na chini ya miguu. Upande wa mbele akauacha wazi. Mzee alikijaribu, akasogezasogeza mgongo kama mteja anayejaribu koti, akasema begani panabana kidogo. Pakarekebishwa.

Basi ikawa hivyo. Alilala ndani kwenye joto na kushona ndani kwenye ukavu, na jioni upepo ulipopanda alitoka na shali lake akakaa kibarazani. Binti yake alijiunga naye alipotoka kazini, ana chokaa kwenye nyusi. Siku nyingi hakusikia kitu. Alikuwa akiuliza tu, "Anasemaje?"

"Unamjua," mzee alijibu. "Leo ni habari za viatu. Hajamaliza."

Jioni moja kaka yake Blanketi alifika na mfuko wa machungwa, akazunguka nyumba akawakuta wamejitanda. Alisimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Nyumba yote hiyo ya joto, na nyinyi mmekaa nje kama kuku!"

"Sogea ukae," baba alimwambia.

"Sikai. Nimepita tu."

"Kaa, mwanangu. Unaziba upepo."

Kaka alikaa, akicheka, akiwa amebeba machungwa yake mapajani. Yeye hakuwepo mwaka ule, alikuwa shule ya bweni, alirudi akakuta kila kitu kimekwisha. Aliegemea ukuta, akaanza kusema jambo kuhusu msongamano wa malori. Katikati ya sentensi akanyamaza. Chungwa moja lilidondoka likabingirika kwenye matope, hakuliokota. Taratibu aliinamisha kichwa upande mmoja, kuelekea ukutani, na mkono wake ukapanda wenyewe ukafunga kifungo cha juu cha koti.

Baba na dada yake walimtazama, kisha wakatazama mbele.